SOMO ANAJIBU: Miaka 36 baharini, leo sijui pa kuweka miguu nyumbani mwangu

Asalaam aleikum Bi Somo,

Naandika saa saba na nusu za usiku. Usinishangae, kwangu huu ni wakati wa kazi. Zamu yangu melini ilikuwa ya saa sita hadi saa kumi, mchana na usiku, na ingawa nimeteremka tangu Novemba 2024, ikifika saa sita kasorobo macho hufunguka yenyewe. Hakuna wa kunigongea mlango. Naketi kitandani napapasa viatu kwa miguu, hadi nikumbuke kwamba sakafu haichezi.

Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, umri miaka 62. Nilipanda meli mara ya kwanza mwaka 1988, hapa hapa Kilindini, kijana wa kugonga kutu na kupaka rangi, nikapanda daraja hadi nikawa baharia kamili wa sitaha, mshika usukani. Nimebeba ngano, makaa ya mawe, saruji, magari, makontena. Suez nimepita mara nisizozijua idadi. Miaka ile ya maharamia tulikuwa tukipita Ghuba ya Aden meli imezungushiwa seng'enge ya miba, mipira ya maji imefunguliwa, na ukingoni tumesimamisha vinyago tulivyovivisha ovaroli kuukuu ili kwa mbali tuonekane wengi. Nimeyaona hayo, na sikuogopa kama ninavyoogopa sasa kuingia jikoni kwangu.

Sikuacha kwa hiari. Cheti cha afya cha baharia ni cha miaka miwili, kikiisha unapimwa upya, na mara hii daktari alikuta presha iko juu na sukari iko juu, akakataa kutia sahihi. Wakala aliyekuwa akinitafutia meli akanitakia kila la heri kwa simu. Mazungumzo hayakufika dakika mbili.

Nilioa mwaka 1992. Mkataba wa kawaida ulikuwa miezi tisa, halafu nyumbani miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Usiku mmoja nilichukua kalamu nikapiga hesabu: ndoa ina miaka 33, na siku nilizolala chini ya paa moja na mke wangu hazifiki miaka saba. Watoto wetu ni watatu. Wa kwanza nilimwona ana miezi mitano. Pesa za nyumbani sikukosa kutuma hata mwezi mmoja, hilo mke wangu mwenyewe ni shahidi. Lakini na yeye hakukaa bure. Tangu yule mkubwa yuko darasa la pili anauza mahamri na mbaazi asubuhi kibarazani petu, na mtaa mzima unamjua kwa hayo kuliko unavyonijua mimi.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nilianza kuona mambo yasiyo sawa. Mabakuli yamepandana hovyo. Visu vimelala na vijiko. Kuna sufuria moja kuukuu imebonyea ubavu. Nikasema, hii ndiyo kazi yangu sasa. Mke wangu alikwenda matangani Kisauni siku mbili, nami nikashughulika. Nikapigilia misumari, vikombe vikatundikwa juu, kila kitu kikapata mahali pake. Nikakata mpira nikautandika chini ya sahani zisiteleze. Mtungi wa gesi nikaufunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha, fundo la kibaharia, hautikisiki. Makopo nikayabandika karatasi: SUKARI, UNGA, ILIKI. Ile sufuria nikaitupa.

Aliporudi alisimama mlangoni kitambo. Akasema vikombe viko juu mno, mkono wake haufiki. Akasema huo mpira unanuka gereji. Akasema yeye hahitaji kusomeshwa iliki. Kisha akauliza sufuria iko wapi, nikamwambia, akaketi chini. Kumbe ndiyo aliyokuwa akipimia unga tangu siku ya kwanza ya biashara. Akiujaza hadi pale ilipobonyea, ni kilo mbili.

Hilo lilipita, ingawa sidhani kama lilikwisha. Kubwa ni la binti yetu wa kwanza. Alikuwa ameposwa nikiwa bado melini. Mke wangu na ndugu yangu mdogo walishapokea wazee wa upande wa pili, mahari yamekubaliwa, harusi mwezi wa Nane. Mimi niliarifiwa kila hatua kwa simu na nilisema sawa. Lakini nilipofika nikaona, huyu ni mwanangu, na simjui anayemchukua. Nikamwita kijana, nikamkalisha saa nzima namuuliza maswali, nikamwambia tarehe hiyo siitambui hadi niwajue watu wake. Wazee wake wamekasirika. Binti yangu analia. Bi Somo, mamangu alifariki 2020 nikiwa melini, tumetia nanga nje ya Singapore, bandari zimefungwa kwa sababu ya korona, nikakaa miezi kumi na minne kabla ya kuteremka. Nimekosa mengi. Hili sikutaka linipite.

Sasa mke wangu hasemi nami ila kwa kumtuma kitinda mimba: "Mwambie babako chai iko mezani." Wiki iliyopita nilimfuata alfajiri nikamuuliza, kosa langu ni nini hasa, kurudi? Alikuwa anakata mahamri. Hakuinua macho. Akasema: "Miezi tisa tisa nilijizoesha haupo. Nipe na mimi miezi tisa nijizoeshe upo."

Mchana nakwenda Mama Ngina, nakaa ukutani natazama meli zinavyoingia, nakula mihogo ya kukaanga ambayo daktari amenikataza. Pale barazani mtaani, wiki za mwanzo waliniuliza habari za Santos na Rotterdam. Siku hizi hawaniulizi. Na kuna rafiki ameniambia ipo meli ndogo ya mizigo inatafuta mtu, mambo ya cheti hawayafuatilii. Bi Somo, nirudi? Au nikae nyumba ambayo mimi ndiye niliyeijenga na sina kazi ndani yake?

Mshika Usukani,
Mombasa

*

Waaleikum salaam, kakangu.

Hilo la meli ndogo tulimalize kwanza ili tuzungumze tumetulia. Usiende. Meli isiyofuatilia cheti chako cha afya haifuatilii pia kama mashua za kuokolea zinashuka, wala kama injini ya akiba inawaka. Nawe una presha na sukari. Ukianguka katikati ya safari, atakayekutibu ni mpishi na sanduku lake la plasta.

Sasa mengine. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale pale, kwenye maneno ya mkeo. Wewe umeyaona ni matusi. Mimi, bwana, nimecheka kwa furaha. Mwanamke aliyechoka na wewe hakupi muda. Angesema "niondokee". Huyu amekupa mkataba, na ameuandika kwa lugha yako, wa miezi tisa, ule ule uliokuwa ukitia sahihi kila mwaka bila kumuuliza. Ungepewa na wakala ungeuliza mshahara na tarehe ya kuripoti. Alipokupa yeye, ukaona umefukuzwa.

Babangu alikuwa mshika usukani kama wewe, enzi za kabla ya makontena kutawala Kilindini. Alikuwa akija na sanduku la bati linalonuka rangi na sabuni ngeni. Nilipokuwa na miaka sita alifika usiku, na asubuhi nikamkuta mtu ameketi mahali pangu, anakunywa chai kwa kikombe changu. Nikajificha nyuma ya mtungi wa maji. Siku ya nne nikamuuliza mama kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia: "Huyu mjomba anaondoka lini?" Alikuja kulisimulia hilo siku ya harusi yangu, watu wakacheka, naye akacheka. Mimi nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa mtu mzima na watoto wangu, kwamba lilimkaa moyoni miaka ishirini.

Basi alipokuwa nyumbani, jambo alilopenda kutueleza halikuwa mawimbi wala maharamia. Lilikuwa makabidhiano ya zamu. Alituigizia barazani, ndugu yangu akiwa usukani na kawa la chakula, yeye akiingia. Unafika kabla ya saa yako, alisema. Chumba cha usukani usiku ni giza, unasimama pembeni kimya hadi macho yazoee, maana aliyetoka kwenye taa haoni kitu na akijifanya anaona ndipo anapoua watu. Ofisa anasoma maagizo ya usiku ya nahodha. Wewe unasogea karibu na mwenzio, anakutajia nyuzi za dira anazoshikilia, unazirudia kwa sauti, naye anakusikia umezirudia sawa. Hapo ndipo mikono inapobadilishana. Na kama meli iko katikati ya kugeuka, au inakwepa meli nyingine, zamu haipokewi. Anayeondoka anamaliza mgeuko wake, hata saa yake iwe imepita. Babangu akifika hapo alikuwa akimpiga ndugu yangu kikofi mkononi: "Ngoja! Bado anageuza!"

Haya unayajua kuliko mimi. Ndiyo sababu nakushangaa.

Umeteremka meli, ukatoka kwenye taa kali, ukaingia gizani kwenye nyumba usiyoijua ndani, na wiki ya tatu mikono iko usukani. Mwenye zamu hata hayupo, yuko matangani Kisauni. Hukumuuliza anashikilia nyuzi ngapi. Hiyo sufuria iliyobonyea ndiyo zilikuwa nyuzi zake, kakangu. Kilo mbili za unga kwa jicho, kila siku, miaka yote hiyo, bila mizani. Ukaitupa kwa sababu ilikuwa mbaya kuitazama.

Na la posa ni hilo hilo, ila hapo umepokea usukani katikati ya mgeuko. Watu wamekwisha kuja, wamekwisha kula, mahari yamesemwa, ukumbi pengine umelipiwa arubuni, mashangazi wameshaagiza leso. Ukafika ukasema tarehe siitambui. Uwalii wa binti yako ni wako na hakuna aliyekupokonya. Hata ungekuwa Rotterdam, ndoa ingefungwa kwa idhini yako, nduguyo akikuwakilisha. Lakini idhini ulikwisha kuitoa, umeandika mwenyewe: uliarifiwa kila hatua na ulisema sawa. Kwa upande wa pili neno la baba ni neno la baba, liwe limetoka barazani au limetoka kwenye simu katikati ya bahari ya Hindi. Wewe peke yako ndiye unayehisi kwamba la kwenye simu halikuwa kweli.

Kwa hiyo hili lianze wiki hii, kabla ya mengine yote. Umchukue nduguyo, yeye ndiye anayejulikana kule, mwende kwa wazee wa kijana. Usiende na maelezo marefu. Waambie ulikuwa mbali, umerudi, pupa ya baba imekuzidi, tarehe ni ile ile waliyokubaliana na nyumba yako. Wazee wetu wanajua kusamehe mtu aliyekuja mlangoni kwa miguu yake. Kijana naye mwite tena, lakini usimkalishe kitini. Mtafutie kazi ya kufanya nawe, mwende kutazama mbuzi wa walima, mkabebe viti. Saa mbili za kubeba viti zitakueleza tabia yake kuliko maswali yako yote, na hata ukiona la kukutia wasiwasi utalisema ukiwa ndani ya shughuli, mtu wa shughuli, si afisa wa forodha. Binti yako mwombe radhi peke yake, bila mamake kuwepo. Mamake ataambiwa tu.

Sasa nataka tukae kidogo mahali ulipopita mbio. Umeandika kuhusu vikombe, mpira, makopo na sufuria, mstari baada ya mstari. Mamako umempa sentensi moja. Umemtia kati ya kilio cha binti yako na kununa kwa mkeo, ukaendelea mbele.

Mwaka ule 2020 mabaharia wengi mno walinasa melini, mikataba imekwisha na hakuna bandari inayowakubali kushuka. Wengi walizikiwa watu wao kwa simu. Mtu wa nchi kavu akifiwa, mtaa unamjia: mkeka unatandikwa, watu wanakaa naye siku tatu, anapewa pole hadi achoke nazo. Wewe ulifiwa ukarudi zamu saa sita. Ulipoteremka, wenzio walikwisha kulia, wakafuta macho, wakagawana nguo zake. Nani alikupa mkono? Nadhani hakuna, na nadhani hata mkeo hajui kama bado unalo, kwa sababu mlipoonana lilikuwa limekuwa jambo la zamani kwa kila mtu isipokuwa wewe. Fanya khitma. Ndogo tu, nyumbani kwako, jirani na nduguzo, uji na mahamri. Wakati wa kumwomba mkeo mahamri hayo utamweleza ni ya nini. Sikwambii useme nini. Maneno yatajileta.

Usiku wako pia si ugonjwa wa akili kama unavyouogopa, ingawa hukulitaja hivyo. Mwili uliolala vipande viwili kwa miaka 36 haujifunzi kipande kimoja kwa miezi saba. Meli ikivuka bahari kubwa saa ya ukutani husogezwa kidogo kidogo, usiku kwa usiku. Basi nawe sogeza. Acha kulala saa moja ya jioni, kama ninavyokushuku unafanya. Jua la asubuhi likupige usoni kila siku, tembea. Na ukimwona daktari wa presha, mwambie na hili la usingizi, na masikio yako akupime, maana wengi wa ninyi mnadhani wake zenu wananong'ona.

Kuhusu daktari, umesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali? Melini mwenye meli ndiye aliyekuwa na jukumu la matibabu yako, sasa ni wewe. Tangu Oktoba 2024 hakuna NHIF tena, ile bima ya zamani, na asiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Dawa za presha na sukari ni za kila siku ya maisha. Ile elfu mbili ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ni ya waliotimiza 70, bado una miaka minane, usiitie kwenye hesabu. Kilichobaki cha akiba yako kisikae kwenye simu yako peke yake. Najua jamaa wameanza kuja na michoro ya tuktuk. Kila atakayekuja mwambie utazungumza na mke wako kwanza, na uzungumze naye kweli. Ametunza pesa zako miaka 33, hilo nalo ni zamu usiyoijua.

Sasa saa kumi. Nimeisubiri hii tangu mwanzo wa barua yako.

Zamu yako inaisha saa kumi za alfajiri. Mkeo huamka saa ngapi? Hukuandika, lakini mimi nimewahi kuuza mahamri na nitakwambia. Unga huukanda usiku, kwa tui zito na iliki iliyotwangwa, unafunikwa, unaumuka. Saa kumi unaamka, unaufunua, umejaa sufuria na kunuka tamu. Unakata madonge, unasukuma, unakata pande nne, na ifikapo alfajiri karai liwe limeshika moto, maana watoto wa shule na watu wa kivuko cha Likoni hawasubiri. Kwa hiyo kila siku, wewe ukiwa umelala macho wazi tangu saa sita, unamsikia mwenzio anaamka, na wewe ndipo unapogeuka ukutani ukalala. Mnapishana mlangoni kama watu wa zamu mbili, na hakuna anayemwambia mwenzie nyuzi ngapi.

Kesho ukimsikia, amka. Nenda jikoni, simama pembeni, kimya, hadi macho yako yazoee. Usishike kitu. Siku ya kwanza pengine atakuuliza unataka nini. Sema hutaki kitu, umeshaamka tu. Siku ya pili au ya tano atakwambia, nipe hicho kijiko cha matundu. Mpe kijiko, usimpe na ushauri. Ukiona anageuza hamri mapema kuliko unavyodhani, nyamaza. Siku atakayokuachia karai akaenda kuswali, hiyo ndiyo siku umepokea, na umrudie kwa sauti alichokwambia: moto uwe hivi, yakielea yageuze. Usicheke, najua unajua kukaanga. Si kukaanga tunakozungumzia.

Vikombe vishushe leo. Karatasi za makopo bandua. Sufuria nyingine mnunulie sokoni Kongowea, lakini usiibonyeze mwenyewe ukidhani unamfurahisha. Mwache apime kwa mizani wiki mbili tatu, ataweka alama yake.

Na mchana? Ukuta wa Mama Ngina hauna ubaya, mihogo ndiyo yenye ubaya. Ila usikae kama mtu aliyeachwa na meli. Mtaani kwako kuna vijana wanaotaka kupanda meli, hasa hizi za watalii zinazoajiri siku hizi, na wanauza simu na ng'ombe wa babu zao ili walipe mawakala. Wewe unajua wasilolijua. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kufanya kazi 2013, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Cha kulipa mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kijana akiambiwa alipe laki mbili za "kuingiza jina", mtu wa kumshika mkono ni wewe. Barazani hawakuulizi habari za Santos kwa sababu Santos wameshaisikia. Hilo la ada litakuletea watu hadi uwakimbie. Na pale Kilindini kipo kituo cha Mission to Seafarers, shirika la kuwahudumia mabaharia. Nenda siku moja uwasalimie, ukawaulize kama wanahitaji mtu wa kuzungumza na mabaharia wanaoshuka kwa saa chache wakiwa hawamjui mtu mji mzima. Ulikuwa mmoja wao katika bandari mia.

Mkeo ningependa kumwambia neno pia, kwamba kumtumia mtoto salamu za chai si vizuri, kitinda mimba hakuombwa kuwa tarishi. Lakini hakuniandikia yeye. Akitaka, anajua pa kunipata.

Tia alama kwenye kalenda miezi tisa kuanzia siku aliyosema, uniandikie ikifika.

Na ile kamba ya mtungi wa gesi, usiifungue. Nimesoma barua yako mara tatu kuhakikisha: amelalamikia vikombe, amelalamikia mpira, amelalamikia karatasi, amelilia sufuria. Kamba hajaigusa.

Wako,
Somo